Kicheko Juu ya Jeraha

Kicheko ni moja katika tunu alizopewa binadamu. Hupunguza uzito wa mzigo, husuluhisha waliogombana, na mara nyingi husema kweli ambayo ulimi mkavu hauthubutu kuisema. Kwa sababu hiyo mtu aandikaye kukilaumu kicheko hana budi kuwa mwangalifu, asije akadhaniwa kuwa adui wa furaha. Mimi si adui wa furaha. Walakini chakula, ambacho ni uhai wa mwili, huwa sumu kikichacha, na kicheko ni vivyo hivyo. Nataka kupima hapa kicheko cha namna moja tu, nacho ni kile kinachomwangukia mume aliyepigwa na mkewe.

Yamkini mwanafunzi atastaajabu. Amezoea kuona uhakiki ukifanywa juu ya tenzi, riwaya na tamthilia, vitu vyenye majalada na majina ya watungaji. Hadithi ndogo ya kuchekesha, inayopita katika simu ya mkononi na kusahauliwa kabla ya magharibi, ina nini cha kuhakikiwa? Jibu ni kwamba hiyo ndiyo tungo isomwayo na watu wengi zaidi siku hizi. Katika njia itokayo Likoni kwenda Lunga Lunga, kwa kupitia Tiwi, Ukunda, Diani na Msambweni, ni vigumu kupata abiria mwenye kitabu mkononi, lakini ni rahisi kupata kumi wenye simu. Tungo inayosomwa na wengi hufundisha wengi, na mwalimu wa wengi hana haki ya kuachwa bila kuulizwa anafundisha nini.

Basi na tuitazame tungo yenyewe. Huja kwa sura nyingi, mara picha, mara maneno machache, mara mchezo mfupi wa kuigiza, lakini umbo lake ni moja. Wahusika ni watatu. Wa kwanza ni mke, naye huchorwa mnene, mwenye mikono ya nguvu, leso ameifunga kiunoni. Wa pili ni mume, mwembamba, amejikunyata uvunguni mwa kitanda, akisema kwa sauti ya ushujaa kwamba yeye ni mwanamume na atatoka apendapo mwenyewe. Wa tatu ni umati wa majirani, ambao kazi yao ni kuona na kucheka. Silaha hutoka jikoni siku zote: mwiko, mchi, kikaango. Mwisho wa hadithi ni mume kutimua mbio, na kandambili moja kuachwa nyuma.

Ukiipima kama tungo, utaona upungufu wake mara moja. Haina sababu, kwa maana hatuambiwi ugomvi ulianza wapi. Haina kesho, kwa maana hatuambiwi watu hawa wawili waliamkaje asubuhi, wala watoto wao waliona nini. Zaidi ya yote, haina maumivu. Mchi umeshuka juu ya kichwa cha mtu, lakini hakuna damu, hakuna uvimbe, hakuna mfupa uliovunjika. Mtungaji amemwondolea mume mwili wake. Tunaweza kumcheka kwa sababu tumekwisha kukubali kwamba haumii.

Ipo njia rahisi ya kujaribu neno hili. Badilisha wahusika. Mweke mke uvunguni mwa kitanda, na mchi uwe mkononi mwa mume, kisha soma tena. Msomaji mwenye moyo atakunja uso, na kicheko kitamkauka kooni. Wazee walisema kwamba mkuki kwa nguruwe ni mtamu, kwa binadamu ni mchungu. Kosa la hadithi hii ni kwamba imempokonya mtu mmoja nafasi yake katika safu ya wanadamu na kumweka katika safu ya nguruwe, kisha ikatualika sote kwenda kuutazama mkuki.

Isidhaniwe kwamba ubaya huu umezaliwa na simu. Ni mkongwe, na haukuzaliwa Afrika peke yake. Katika Ufaransa ya zamani mume aliyejulikana kuwa amepigwa na mkewe alipandishwa punda akiwa ameelekea nyuma, akapewa mkia aushike mahali pa hatamu, akatembezwa mitaani huku watu wakipiga kelele. Uingereza ilikuwa na maandamano ya namna hiyo. Washiriki walifanya ngoma ya masufuria na kuigiza mke akimpiga mume kwa upawa, na mshairi Samuel Butler aliyaeleza maandamano hayo katika utenzi wake wa dhihaka uitwao Hudibras, karne ya 17. Mara nyingine mume mwenyewe hakupandishwa, bali jirani yake, kana kwamba aibu ya nyumba moja ilikuwa deni la mtaa mzima.

Angalia vema desturi hiyo, maana ndani yake mna ufunguo. Aliyepiga hakuwa ndiye aliyepandishwa punda, bali aliyepigwa. Mtaa haukukasirika kwa sababu mtu ameumizwa. Ulikasirika kwa sababu mpangilio umepinduliwa. Iliaminika kwamba mume ni mtawala na mke ni mtawaliwa. Mtawala aliyeruhusu kupigwa amewatia wenziwe wote katika hatari, na kwa hiyo aadhibiwe. Kicheko kile hakikuwa mchezo, kilikuwa hukumu. Na mimi nasema kwamba kicheko cha leo ni hukumu ile ile, isipokuwa punda ametoweka na simu imechukua nafasi yake. Tena punda alikuwa na huruma kuliko simu. Alichoka jioni, akarudishwa zizini. Simu haichoki, na picha iliyotumwa Ukunda saa nne yaweza kuchekwa Muscat saa tano, na ikafufuliwa mwaka ujao.

Katika Afrika Mashariki tunayo mifano yetu wenyewe. Katika miaka ya mwanzo ya karne hii mwimbaji Bushoke wa Tanzania alitoa wimbo uitwao Mume Bwege. Msemaji wa wimbo huo ni mume anayelalamika kwamba mkewe anamtesa nyumbani. Wimbo ulipendwa mno, ukavuka mpaka ukaingia Kenya. Lakini tazama kilichobaki masikioni mwa wasikilizaji. Haikubaki huruma kwa mlalamikaji, lilibaki jina la kumchekea. Kwa vinywa vya vijana wengi wa Kenya, jina la mwimbaji mwenyewe liligeuka kuwa tusi la kumwita kila mume anayedhaniwa kutawaliwa na mkewe. Ni jambo la ajabu katika historia ya tungo kwamba mtu aimbe malalamiko, na watu wachukue malalamiko hayo wakayafanya fimbo ya kuwapigia walalamikaji wengine.

Mfano wa pili ni wa mwaka 2012. Mapema mwaka huo magazeti ya Kenya yalichapa picha ya mume mmoja wa Nyeri mwenye majeraha makubwa usoni, ambayo ilielezwa kuwa ametiwa na mkewe. Jina lake sitalitaja, kwani limekwisha kutajwa kupita kiasi. Nchi ilipotazama uso ule, wengi walicheka. Masihara juu ya wanawake wa Nyeri yalienea kotekote, na mpaka leo mtu akitaja mji huo mbele ya kundi la vijana wa Kwale, ambao hawajapata kuuona, hutokea mmoja akafanya utani wa kikaango. Hivyo watu wawili walidhulumiwa kwa pigo moja. Mtu aliyekatwa uso alifanywa kichekesho, na maelfu ya wanawake wa wilaya nzima, ambao hawakumgusa mtu, walifanywa majitu ya kutisha.

Wakati huo chama kiitwacho Maendeleo ya Wanaume, chini ya Bwana Nderitu Njoka, kilisimama kuwatetea waume waliopigwa. Hata jina lake liliwachekesha watu, kwa kuwa lilifuata jina la Maendeleo ya Wanawake, chama kilichoanzishwa mwaka 1952. Nia ya kuwatetea wanaoumia ni njema, nami naisifu. Lakini mhakiki hana rafiki mbele ya mizani. Chama kile kiliwataka waume wasusie kula chakula cha nyumbani kwa siku kadhaa, na kwa shauri hilo kiliipunguza hoja yake wenyewe. Anayesusia chakula cha mkewe bado anaamini kwamba kupika ni utumishi wa mke na kula ni enzi ya mume. Amelalamikia jeraha, lakini ameutetea mpangilio ule ule unaolifanya jeraha lake kuwa kichekesho.

Kabla ya kuendelea ni lazima niweke jambo moja wazi, kwa maana neno la kweli likisemwa nusu huwa uongo. Uchunguzi wa Idadi ya Watu na Afya uliofanywa Kenya mwaka 2014 uliwauliza watu wa umri wa miaka 15 hadi 49 waliowahi kuoa au kuolewa kama wamepata kupigwa au kuingiliwa kwa nguvu na wenzi wao. Wanawake walioitika walikuwa 39 katika kila 100, na wanaume 9 katika kila 100. Basi mtu asije akasema kwamba mizani ni sawa. Mzigo mkubwa uko juu ya wanawake, na mara nyingi huishia kaburini. Tarehe 27 Januari 2024 maelfu ya watu waliandamana katika miji ya Kenya kupinga mauaji ya wanawake, na walikuwa na haki ya kuandamana. Anayewataja waume waliopigwa ili apate kuwanyamazisha wake waliopigwa hatetei mtu yeyote, anatumia jeraha la mmoja kufunika jeraha la mwingine.

Lakini tisa katika mia si sifuri. Fikiri msikiti wa Ijumaa au kanisa la Jumapili lenye waume mia. Tisa wao, kwa kadiri ya uchunguzi ule, wanajua nisemalo. Wameketi safu moja na wenzao, wamevaa kanzu safi au shati lililopigwa pasi, na jirani yao wa kulia hajui. Siri ya mtungi aijuaye ni kata. Na hao ni wale waliothubutu kumjibu mgeni aliyewauliza. Ni dhahiri kwamba mahali panapochekwa ukweli, wapo wengine walionyamaza.

Ili tuone jinsi kicheko kifanyavyo kazi yake, na tumwazie mtu mmoja. Hayupo, wala simsemi mtu ninayemjua, lakini njia nitakayompitisha ni njia ya kweli. Tumwite Fulani. Anakaa kijiji kimoja karibu na Msambweni. Alikuwa mpishi katika hoteli ya Diani, akapunguzwa kazini, na sasa ana minazi michache na deni dukani. Asubuhi moja, katika ugomvi wa pesa za shule, mkewe alimmwagia birika la chai ya moto. Chai ilimshukia begani, ikateremka mpaka kiwiko.

Mlango wa kwanza ulio mbele ya Fulani ni wa hospitali. Msambweni ina hospitali ya rufaa ya kaunti, na dawa ya kuungua ni ile ile kwa mwanamume na kwa mwanamke. Mganga anamwuliza, "Mzee, umepatwa na nini?" Fulani anajibu, "Nilianguka mnazini." Mganga anautazama mkono, anamtazama uso. Mnazi huvunja mifupa na kuchubua ngozi, lakini hakuna mnazi unaochemsha chai. Hata hivyo ataandika nini, ikiwa mgonjwa mwenyewe amekana? Jeraha linafungwa kitambaa, na habari yake inafungwa pamoja nalo.

Mlango wa pili ni wa polisi. Huko angepewa fomu ya P3, ambayo hujazwa na mganga ili jeraha lipate kuwa ushahidi mahakamani. Lakini Fulani anawaza, Nitaketi katika benchi gani, na nani atakuwa ameketi karibu yangu? Nitasema kwa sauti gani? Hajui kama askari atamcheka au hatamcheka. Yamkini askari ni mtu wa haki na angeandika kila neno. Lakini Fulani amekwisha kusikia kicheko mara elfu katika simu yake mwenyewe, na mara nyingine alicheka pamoja na wengine. Hana haja ya kwenda kukisikia kituoni. Anarudi nyumbani.

Mlango wa tatu ni wa barazani, kwa marafiki. Hapo hakwenda kushitaki, alikwenda kupumzisha moyo. Wapo wazee wanacheza bao, wapo vijana. Rafiki yake wa tangu utotoni anautazama ule mkono, kisha anasema kwa sauti ya kusikiwa na wote, "Ndugu yangu, mnazi gani huo uliokuunguza?" Baraza zima linaangua kicheko. Fulani naye anacheka, kwa kuwa hana njia nyingine. Kijana mmoja ameinua simu. Kabla ya adhuhuri Fulani ameona mkono wake mwenyewe katika simu yake mwenyewe, umetumwa na mtu asiyemjua, na chini yake pana maneno ya dhihaka.

Basi hesabu, msomaji. Birika lilimwagwa mara moja na mtu mmoja. Kicheko kilimwagwa mara nyingi na watu wengi. Chai iliunguza bega, na kicheko kilifunga milango mitatu. Na jioni ile, mmoja wa waliocheka alimnong'oneza Fulani shauri ambalo ni baya kuliko kicheko chenyewe: "Mwanamume hakai hivyo. Nenda kamtie adabu."

Hapa ndipo nilipotaka kumfikisha msomaji. Mume aliyechekwa huonyeshwa njia mbili tu, kujificha au kupiga. Akijificha, ataendelea kuumizwa. Akipiga, ataacha kuchekwa, na watu watamwambia kwamba sasa amekuwa mwanamume. Kwa hiyo kicheko juu ya mume aliyepigwa ndicho kinachonoa fimbo ya kumpigia mke. Si mambo mawili yanayopingana, kama wanavyodhani wale wanaogawanyika katika kambi ya wanawake na kambi ya wanaume. Ni matawi mawili ya mti mmoja, na mzizi wa mti huo ni itikadi kwamba nyumba haiwezi kusimama bila ya mmoja kuwa juu na mwingine kuwa chini. Penye itikadi hiyo, swali pekee linalobaki ni nani atakayeshika mchi.

Kwa nini itikadi hii imekuwa kali katika pwani ya kusini? Siamini kwamba watu wa Kwale ni wakatili kuliko wengine. Lakini iko methali isemayo kwamba mume ni kazi, mke ni nguo. Methali hiyo humpima mume kwa kibarua chake, na kibarua katika pwani hii ni kitu cha kuja na kwenda. Ghasia za Likoni za Agosti 1997 ziliwafukuza wageni, na hoteli nyingi zikafungwa. Maradhi ya korona ya mwaka 2020 yalizifunga tena, na wapishi, madereva, wachonga vinyago na waongozaji wageni wa Diani walirudi nyumbani mikono mitupu. Hata katika mwaka wa amani, masika hupunguza wageni na kazi pamoja. Mtu ambaye heshima yake yote imetundikwa juu ya msumari mmoja, msumari ukichomoka heshima huanguka. Ndipo lilipopata nguvu jina la mume suruali, yaani mume asiye na kitu ila vazi linalomtambulisha. Aliyekwisha kupewa jina hilo akipigwa, watu huona kwamba pigo limekuja mahali pake.

Na hata hivyo pwani hii hii ilijua njia bora. Ugomvi wa mume na mke ulipokuwa mzito, wazee wa pande mbili waliitana. Miongoni mwa Wadigo, ambao zamani walihesabu ukoo kwa upande wa mama, mjomba alikuwa mtu mkubwa katika shauri la mpwa wake. Kurani nayo, katika sura ya Wanawake, imeagiza kwamba pakihofiwa mfarakano baina ya mume na mke achaguliwe mpatanishi mmoja katika jamaa za mume na mmoja katika jamaa za mke. Desturi hizo hazikuwa kamilifu. Mara nyingi mke aliyepigwa aliambiwa avumilie, na hilo lilikuwa kosa kubwa. Lakini zilikuwa na adabu moja ambayo kicheko cha simu hakina. Ziliwasikiliza wote wawili, mbele ya watu wachache waliojulikana, kwa nia ya kutengeneza. Umati wa simu hausikilizi, haujulikani, na hauna nia ila kupata kingine cha kucheka kesho.

Sheria ya nchi nayo imetangulia mbele ya masihara yetu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 29, inampa kila mtu haki ya kutotendewa ukatili wa namna yoyote, uwe umetoka serikalini au kwa watu binafsi. Kifungu cha 45 kinasema kwamba mume na mke wana haki sawa. Sheria ya Kinga dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2015 inamruhusu anayeumizwa kuomba mahakama impe amri ya ulinzi, na haiulizi kama mwombaji ni mwanamume au mwanamke. Ipo pia nambari ya simu 1195, ya kuomba msaada bila malipo. Mlango uko wazi, ila kicheko kimeketi kizingitini.

Wapo watakaonipinga, na hoja zao ni za haki kusikilizwa. Wa kwanza atasema kwamba kicheko ni silaha ya mnyonge. Wanawake wameonewa karne nyingi, na sasa wakimcheka mume kwa saa moja wanalipiza kidogo tu. Hoja hii ina uzito. Hata hadithi za Abunuwasi, ambazo watoto wa pwani wamelelewa nazo, hutuchekesha kwa kuwadhalilisha wakubwa. Lakini angalia Abunuwasi anamcheka nani. Anamcheka sultani aliye juu ya kiti chake, tajiri aliye na mfuko, kadhi anayependelea. Hamcheki mtu aliye chini, anavuja damu. Mcheke mume anayejigamba barazani na kumtisha mkewe, nami nitacheka nawe. Lakini aliyekwisha kuunguzwa hana kiti cha kuangushwa. Isitoshe, katika baraza tuliyoiona hawakuwa wanawake waliomcheka Fulani. Walikuwa wanaume wenziwe.

Wa pili atasema kwamba huenda Fulani ndiye aliyeanza, na alistahili. Huenda. Wapo waume waliopigwa na wake waliokuwa wakijiokoa, na mtu anayezuia fimbo isimwue hana lawama. Ndiyo maana kuna wapatanishi, waganga na mahakimu, ili sababu ipate kuchunguzwa. Lakini neno hili la kustahili tunalijua. Ni neno lile lile lililosemwa juu ya mke aliyepigwa, tangu zamani, na watu wasiokuwapo. Kama ni ubaya katika sikio moja, haliwezi kuwa hekima katika sikio la pili.

Wa tatu atasema tu kwamba ni mzaha. Huyo simjibu kwa maneno mengi. Mzaha wa kweli humwacha anayetaniwa akiwa mzima, na mtani huwa tayari kutaniwa. Mtu ambaye jeraha lake limetangazwa hana cha kumjibu mtani wake, kwa kuwa hamjui, hamwoni, na hatamwona.

Ninyi mlio shuleni mmeshika simu mapema kuliko baba zenu, na kwa hiyo mmeshika hukumu mapema. Picha ya mtu aliyeumizwa ikikufikia, kabla ya kuituma mbele jiulize mambo matatu. Je, anayechekwa ameumia mwilini? Je, ningecheka kama ni dada yangu? Je, yeye akisoma maneno niliyoandika, ataona njia ya kwenda kuomba msaada, au ataona mlango mmoja zaidi umefungwa? Mvulana anayejiuliza hayo hatahitaji kumpiga mtu siku moja ili aitwe mwanamume. Msichana anayejiuliza hayo atajua kwamba mkono wake nao ni mkono, na birika lake nalo huunguza.

Na yule rafiki wa barazani? Aliliona jeraha kabla ya wote, akajua mara moja kwamba mnazi hauchomi. Akili yake haikuwa na kasoro. Angeweza kutumia ujuzi ule ule kwa namna nyingine. Angengoja mpaka bao limekwisha, akamvuta Fulani kando ya njia, mbali na masikio ya watu, akamwambia, "Ndugu yangu, pole. Mimi sitakuuliza neno. Lakini kesho asubuhi nitakuja, twende pamoja kwa mganga ukamwambie kweli." Maneno hayo hayachekeshi mtu. Lakini kwayo mlango mmoja ungefunguka, na kesho yake Fulani asingekwenda peke yake.